Dakika Thelathini za Bi Marjorie

Mheshimiwa Bwana Mitchel Larruskain, Mkurugenzi wa kampuni ya Larruskain na Wana, Bibi Begoña Larruskain, mama yetu, mjane wa Mzee Domingo aliyekuwa mwenye ghala hili, uliyetoka nyumbani kwenye baridi hii na fimbo yako mkononi na sufuria yako kwenye kiti cha nyuma cha gari, mgeni wetu wa heshima, Bi Marjorie Uchiyama, afisa utumishi wa ghala hili, ambaye leo ni siku yake ya mwisho kazini, wasimamizi wa laini, mafundi, madereva wa foklifti, ndugu zangu wachambuaji wa zamu ya mchana, na ninyi ndugu wageni waalikwa kutoka ofisini, ambao baadhi yenu mmeingia ndani ya ghala la vitunguu kwa mara ya kwanza na mnashangaa kwa nini macho yanawawasha: hamjambo, na karibuni mezani.

Mimi ni Hilario Zamudio wa laini ya pili ya kuchambua vitunguu. Nimesimama hapa kwa niaba ya wafanyakazi. Ukweli ni kwamba alichaguliwa Toribio, tena kwa kura nyingi, lakini Toribio akasema atalia, na mnamjua Toribio: tangu aanze kazi hapa hakuna aliyewahi kujua kama analia kwa huzuni au analia kwa kazi. Basi wakaniambia, Hilario, nenda wewe, wewe macho yako yamekwisha kauka. Nimekuja.

Kabla yangu amesema Bwana Mkurugenzi, na amesema vizuri. Ametueleza habari za ghala jipya ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Idaho, tutakakohamia Jumatatu. Ametueleza mikanda yake ya kupitisha vitunguu, kamera zake zinazoona kitunguu kilichooza kabla jicho la mtu halijaona, na paa lake la chuma ambalo theluji haitalilaza kama ilivyotaka kulilaza hili. Wakati anaeleza hayo, Bwana Mkurugenzi, huenda uliona watu wa meza hii wakitazamana. Usidhani ni utovu wa adabu. Nitarudi kwenye kutazamana huko nikifika mwisho.

Tumeambiwa tumuage Bi Marjorie. Utamsifu vipi mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma sheria? Fundi ukimsifu unaonyesha mashine inayozunguka, na dereva ukimsifu unaonyesha mzigo uliofika salama. Yeye alichokitengeneza hakishikiki. Alitengeneza nusu saa. Naomba niwaeleze ilivyotokea, maana wengi mmekuja baadaye mkaikuta ipo, mkadhani ilikuwapo siku zote kama mto.

Zamani king'ora cha saa sita kilikuwa kinalia, na sisi tunakuja kwenye meza hii hii, lakini hatukuja kupumzika. Toribio alikuwa anakula na glavu. Mimi nilikuwa nakula na kofia ya wavu kichwani na viziba masikio vikining'inia shingoni. Mzee Domingo, Mungu amrehemu, alikuwa anaingia na sufuria ya maharage yenye soseji za Kibaski, za kabila la baba zake, anapakua mwenyewe, sahani kwa sahani, halafu anakaa pale kichwani mwa meza, na kijiko cha kwanza hakijafika kinywani anaanza. Laini ya kwanza, mbona magunia yenu mepesi? Hilario, mkanda umeukaza? Kesho nani anakwenda kupokea mzigo? Tunajibu midomo imejaa. Mmoja anainuka kwenda kuangalia mkanda, akirudi maharage yamepoa. Hatukulalamika. Nani angemlalamikia mtu anayekupakulia chakula kwa mkono wake?

Ndipo akaja Bi Marjorie. Mwanamke mdogo wa umbo, miwani yake kwenye mnyororo, binti wa wakulima wa njia ya mji wa Ontario, hapa hapa Oregon. Wiki yake ya kwanza alikaa mwisho wa meza na matonge yake ya wali yaliyofungwa kwa mwani, akala, akatutazama. Ijumaa akasimama.

"Bwana Domingo," akasema, "watu hawa hawajapumzika."

Mzee akachungulia sufuria. "Wamemaliza sufuria nzima hawa."

"Wamekula. Nimesema hawajapumzika. Sheria ya Oregon inataka dakika thelathini mtu awe huru kabisa, asiwe na kazi hata ya kujibu swali. Wewe umeuliza maswali tangu umekaa."

"Mimi? Mimi nimepiga nao soga tu."

"Umepiga nao soga ya mkanda."

"Sasa nipige ya nini, mama? Mimi nyumbani sikufundishwa kitu kingine."

"Una njia tatu. Unyamaze, uondoke, au nusu saa yote uilipe kama saa ya kazi."

"Hapa ni kwangu, Marjorie."

"Ni kwako. Meza yako, sufuria yako, maharage yako. Nusu saa ni yao."

Sisi sote tuliinamisha vichwa kwenye sahani tupu. Tulijua ikifika jioni huyu mama atakuwa anafungasha vitu vyake. Jumatatu tukamkuta yupo. Mzee Domingo naye akaja na sufuria yake kama kawaida, akapakua, akakaa, akanyamaza. Sijawahi kumwona mtu akiteseka namna ile mbele ya sahani ya maharage. Anafungua mdomo, anaufunga. Anatazama dari. Mwisho akasema, "Jua lipo." Toribio akajibu, "Lipo, mzee." "Lipo kweli," akasema Mzee, na hapo maneno yakatuishia wote, tajiri na maskini. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka mingi, na tukitoa vitunguu katikati yetu hatukuwa na kitu cha kuambiana. Mliwahi kufikiri jambo hilo? Kwamba unaweza kula na mtu kila siku ya msimu usijue kama ana ndugu?

Wiki iliyofuata Bi Marjorie akaleta huyu. Naomba wageni mmtazame vizuri. Ni kuku wa plastiki, wa njano, wa kupimia muda wa kuchemsha mayai, aliyetoka jikoni kwake. Unamzungusha shingo mpaka dakika thelathini, anaanza kulia tik-tik, akimaliza anapiga kengele. Na sheria ya kuku ilikuwa moja, aliitunga yeye Bi Marjorie akaiandika kwenye kitabu cha kanuni za kazi: bosi au msimamizi akiongea kazi mezani, kuku anarudishwa mwanzo, na mkanda hauwashwi mpaka alie. Hilo la kurudisha kuku haliko kwenye sheria ya jimbo. Sheria ya jimbo ilimpa mlango, yeye akatutilia komeo.

Ndugu wageni, mkiwapa watu sheria kama hiyo, hawalali. Toribio huyu anayejifanya mpole alikuwa kila siku ana mtego mpya. "Mzee," anasema, uso mkavu, "mke wangu anauliza, mvua hii ya leo ina madhara yoyote?"

"Madhara?" anasema Mzee Domingo. "Ikinyesha mpaka kesho vyote vitaozea sham..."

Mikono yote inamwonyesha kuku.

"Mmenitega, washenzi nyie."

"Hatujakutega, mzee, tumekuuliza hali ya hewa."

"Toribio, wewe mtoto wa mbweha."

"Shikamoo, baba mbweha."

Na hapa ndipo ninapotaka msikilize. Mwanzoni alikuwa anamrudisha kuku Bi Marjorie. Lakini haukupita muda Mzee Domingo akawa akikosea hamngoji. Ananyoosha mkono wake mkubwa ule, anamshika kuku shingo, anamzungusha mwenyewe mpaka mwanzo, anasema, "Haya, ni yenu." Mara nyingine hakuna aliyekuwa anamtazama, kengele ilikuwa karibu kulia, angeweza kunyamaza ikapita. Hakunyamaza hata siku moja. Bibi Begoña anatikisa kichwa, anamjua mume wake. Mzee, ninakukumbuka. Kila nikisikia mfuniko wa sufuria ninageuka nikidhani ni wewe.

Tulipouzoea ukimya, Mzee akaanza kutueleza mambo. Alitueleza habari za baba yake, mchunga kondoo, aliyetoka Ubaskini, kule Uhispania, akiwa kijana akaja kukaa peke yake na kondoo kwenye milima ile ya kusini. Alisema baba yake, kila kiangazi, alikuwa anachonga kwa kisu kwenye gome la mti mweupe jina la msichana aliyemwacha ng'ambo ya bahari. Kila kiangazi mti mmoja. Baadaye alioa mwanamke mwingine, akawa na watoto, akawa na mashamba, lakini lile jina liko kule milimani mpaka leo, limepanuka na mti, herufi zake sasa ni pana kama kiganja. Nikamwuliza, "Kwa nini hakumwandikia barua?" Mzee akasema, "Siku zote alisema atamwandikia akipumzika." Kuku akalia, tukarudi kwenye mkanda, na mimi mchana kutwa sikuona kitunguu kilichooza hata kimoja, maana mawazo hayakuwapo.

Sasa nifike kwa Amparo. Nimeona mmeanza kutabasamu kule mwisho. Tabasamuni.

Wageni hamumjui. Amparo Ceballos ni mchambuaji wa laini ya pili, anasimama mkabala na mimi, mkanda ukiwa katikati yetu. Tumesimama hivyo misimu na misimu. Mashine zikiwashwa humu ndani husikii hata kikohozi chako, kwa hiyo tulikuwa tunaongea kwa mikono: vidole viwili ni kimeoza, ngumi ni kina mioyo miwili ndani, kiganja wazi ni simamisha. Nilizijua ngumi zake na vidole vyake kuliko ninavyoijua njia ya kwangu. Sauti yake sikuijua. Nilikuja kuijua hapa mezani, kwenye nusu saa ya Bi Marjorie, siku aliyoniambia, "Wewe Hilario, kumbe unacheka? Mimi nilidhani uso wako umekaushwa na feni kama mzigo wa vitunguu." Ndiyo, alitaja mzigo. Lakini yeye si bosi, kuku hakuguswa.

Mimi nilikuwa nimefiwa na mke wangu. Yeye alikuwa ameachwa na mume wake huko kwao Zacatecas, Mexico, kabla hajaja. Hatukuwa vijana wa kuandikiana karatasi. Tulikuwa tunakula. Anamenya chungwa, ananipa nusu bila kuniuliza. Ananieleza mipera ya kwao, jinsi inavyonukia mpaka mbwa wanapiga chafya. Nusu saa, halafu ngumi na vidole mpaka jioni, halafu kila mtu anawasha gari lake. Ningekuwa nimeulizwa wakati ule kama nina furaha ningesema nipo nipo tu. Mtu hajui alichonacho mpaka kiti kiwe wazi.

Kiti kikawa wazi mwezi wa tisa. Mama yake aliugua akili, akaanza kusahau na kutangatanga, na hakuna mtoto mwingine wa kumwangalia. Amparo aliingia ofisini kwa Bi Marjorie akiwa amevua aproni yake, ameikunja, yuko tayari kuirudisha. Amenieleza mwenyewe yaliyosemwa.

"Nimekuja kuacha kazi," akasema.

"Kwani nani amekwambia uache?" akauliza Bi Marjorie.

"Mama anaumwa. Sijui nitarudi lini."

"Hebu kaa. Hiyo aproni iweke chini, unanitia jasho. Jimbo hili lina sheria kwa mtu anayeuguza mzazi. Utakwenda, na nafasi yako itakaa."

"Na wiki za sheria zikiisha kabla mama hajapona?"

"Zikiisha kuna kanuni zetu. Mwenye kuuguza mzazi nafasi yake inamngoja mpaka msimu uishe. Niliandika mimi, Mzee Domingo akatia sahihi huku anaguna. Nenda kamwone mama yako."

Siku aliyoondoka alipita hapa mezani na koti lake, akakigonga kiti chake kwa vidole viwili, kile cha pale, wenye ofisi naona hamkukikalia, asanteni. Akaniambia, "Nitunzie. Usimwachie Toribio, atakivunja."

Tangu siku ile, ndugu zangu, mimi ninaishi kwa nusu saa. Nitasema wazi kwa sababu nimekwisha simama na kukaa ni aibu kubwa zaidi. Nyumba ya mama yake iko bondeni, simu haishiki. Usiku Amparo hawezi kutoka, yule bibi anaweza kufungua mlango akapotelea vichakani. Lakini mchana, wakishakula, bibi analala usingizi mmoja mzuri. Kwao inakuwa saa saba, kwetu saa sita. Amparo anamfunika mama yake, anamwita jirani akae mlangoni, anapanda kilima mpaka makaburini, maana ndipo mtandao ulipo, anasimama katikati ya misalaba, ananipigia. Kwenye mkanda simu ni marufuku, na ni haki iwe marufuku, nimeona mkono wa mtu ukivutwa. Jioni yeye hapatikani. Kwa hiyo katika siku yote ya Mungu tuna tundu moja tu la kusikilizana, nalo ni hili.

"Uko wapi?" ninamwuliza.

"Niko na marehemu. Ongea taratibu, wamelala."

"Wasalimie."

"Wanauliza nani kakaa kiti changu."

"Hakuna mtu."

"Muongo wewe. Toribio yuko wapi?"

"Yuko kwenye kiti chake, anakusalimia."

"Mwambie namwona kutoka huku, anyanyue makalio."

Basi. Hayo ndiyo maneno yenyewe. Siku nyingine hana nguvu hata ya kutania, mama yake amemwita kwa jina la mtu mwingine tangu asubuhi, anakaa kimya juu ya kilima na mimi ninakaa kimya hapa, ninasikia upepo wa kwao. Nisameheni, Padre hayupo, naweza kusema: upepo ule ninautamani kuliko chakula. Kuna siku laini iliharibika, tukaitwa kutengeneza saa sita ile ile, na Bi Marjorie akaja mbio kutoka ofisini, miwani inamrukaruka kifuani, akamwambia msimamizi, "Hilario hagusi spana. Hilario yuko mapumzikoni." Alijua. Hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu Amparo, na hakuwahi kunitania kama ninyi. Alisimama tu kati yangu na ile spana mpaka kuku akalia.

Wageni wa ofisini, mkienda makwenu mkaulizwa sheria za kazi ni kitu gani, msiseme ni makaratasi ya kuwakinga wenye kampuni wasishtakiwe. Ni hayo pia, sikatai. Lakini mimi nikiulizwa nitasema ni mwanamke mwenye miwani anayesimama mbele ya spana.

Sasa narudi kwenye ghala jipya. Bwana Mitchel, nimekuona ukikua humu, ulikuwa unalala juu ya magunia mama yako akikutafuta, kwa hiyo nitasema nawe kama mtu wa nyumbani. Ng'ambo ya mto ni jimbo lingine na sheria nyingine. Sheria ya Idaho haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mzima nusu saa ya chakula. Hujaivunja, huivunji, na hakuna atakayekushtaki. Kitabu kipya cha kanuni tumepewa, ni chembamba, nimekisoma chote. Kinasema laini haitasimama, watu watakula kwa zamu, na mapumziko yatatolewa kadiri kazi itakavyoruhusu. Kadiri kazi itakavyoruhusu. Mimi nimekaa na kazi hii muda mrefu, bwana, na sijawahi kuiona ikiruhusu.

Siku moja nitaitwa kula saa nne, siku nyingine saa nane, nikiwa nimesimama kwenye korido karibu na mashine ya soda. Naye atapanda kilima saa saba yake, atapiga, simu italia ndani ya kabati langu. Atapiga kesho, atapiga keshokutwa. Mtu anayeuguza hana miguu ya kupanda kilima bure. Ataacha, na hatakuwa na kosa. Na akirudi msimu huu au ujao, atauliza kiti kiko wapi, nami nitamjibu nini? Kwamba meza imebaki upande wa pili wa mto?

Sikuombi sheria, Bwana Mitchel. Sheria imebaki huku, na aliyekuwa anaisoma anakwenda kulima maua yake. Ninaomba kile ambacho baba yako alikuwa anakifanya wakati hakuna anayemtazama.

Nilisema nitarudi kwenye kutazamana. Watu wa meza hii walitazamana kwa sababu sherehe hii mmeipanga saa sita, na sasa ni mapumziko ya chakula. Ndiyo saa pekee laini imezimwa, ninawaelewa. Bi Marjorie alipoketi, kabla hajaigusa keki yake, nilimwona kwa mazoea tu akimzungusha kuku, na amekuwa akilia tik-tik hapa mbele yangu muda wote huu. Kisha Bwana Mkurugenzi ukasimama ukatueleza mikanda, kamera na magunia ya ghala jipya. Bwana, umeongea kazi. Umeongea kazi mezani, tena vizuri sana, na sisi tumekusikiliza kama watu walioajiriwa kukusikiliza. Kwa kitabu cha kanuni cha ghala hili, ambacho kina nguvu mpaka Jumatatu, nusu saa hii haijaanza.

Msipige makofi, bado. Bi Marjorie, hapana, naomba ukae. Mkono wako umemzungusha kuku huyu vya kutosha, leo ni mgeni wa heshima. Toribio, wewe pia kaa. Mimi nami simgusi.

Bwana Mitchel, kuku yuko karibu na mkono wako kuliko wangu. Nitakuambia tutakavyoelewa. Usipomgusa, atalia baada ya muda mfupi, tutainuka, tutawasha mkanda, na Jumatatu tutavuka mto bila kinyongo, maana watu wana watoto. Ukimrudisha mwanzo, tutajua anavuka nasi, yeye na meza hii na kile kiti, na saa sita yake ile ile, laini ikiwa imezimwa. Huhitaji kusema neno. Baba yako alisema matatu tu, na si lazima uyaseme.

Ninangoja. Simu yangu imetetemeka mfukoni mara mbili tangu nianze kuongea, yuko makaburini sasa hivi amesimama kwenye jua, na mimi ninangoja.

Bibi Begoña, usimsukume kiwiko, mwache.

Amemshika shingo.

Amemrudisha, ndugu zangu. Mpaka dakika thelathini kamili, mpaka amegota. Wa nyuma mnauliza amesema nini. Amesema, "Haya, ni yenu."

Sasa pigeni makofi, lakini mpigieni Bi Marjorie. Mama, ulitukuta tunakula na glavu. Unatuacha watu wanaojuana majina ya mama zao. Kwa niaba ya laini zote, nakuambia asante, na kwangu mwenyewe nakuambia asante nyingine ambayo unajua ni ya nini. Sufuria ya Bibi Begoña ifunguliwe. Mwenye kutaka kuhutubia zaidi, ahutubie habari za mipera, au kondoo, au jua kama lipo.

Baba wa Mzee Domingo alisema atamwandikia akipumzika, na hakupumzika, akaishia kuongea na miti. Mimi nimepewa nusu saa nzima, mpya, haijaguswa. Simu inatetemeka mara ya tatu. Kuna neno sijawahi kumwambia yule mwanamke, wala kwa vidole wala kwa ngumi wala kwa mdomo, na wala halihusu vitunguu. Asanteni kwa kunisikiliza. Niruhusuni nitoke pale mlangoni, nikamwambie.